Manowari zilizogeuzwa viwanja vya ndege (na jinsi rumeti alivyonichapa)

Najua niliahidi kuandika habari za fildi, hizo zitasubiri kidogo. Juzi usiku nimechapwa. Nimechapwa vibaya kwenye Hearts of Iron IV, kompyuta mbili na waya mmoja, mbele ya washikaji watano waliojazana kitanda cha chini, na aliyenichapa ni rumeti wangu ambaye hata historia hasomi. Mtu wa injinia!

Yeye alikuwa Marekani, mimi Japani. Mchezo unaanza 1936, nikaenda vizuri mpaka 1942, hapo nikaingiwa na ujanja. Nilikuwa na manowari kubwa za mizinga, zile zenye deraya nene kama ukuta wa gereza, na nilijua fika kwamba vita ya Pasifiki iliamuliwa na ndege. Nikasema ngoja nizipeleke zote chelezoni, nizivue mizinga, niziwekee sitaha ya kurukia ndege. Kitufe kimoja tu. Nikabonyeza.

Jamaa akasubiri meli zangu zote zimo gereji, akaja. Sikumaliza mwaka.

"Mwanangu, meli iliyo gereji haipigani," akaniambia huku anakula karanga zangu.

Nikajitetea kwamba Wajapani wenyewe walifanya hivyohivyo, mimi nimefuata historia. Washikaji wakauliza: walifanya kweli? Ilikuwaje? Na mimi msomi wa historia wa mwaka wa 3 nikabaki nang'ata midomo, maana nilijua kwamba walifanya ila sikujua ilikwendaje. Aibu yake sisemi. Siku 3 nimekaa maktaba badala ya kupiga msuli wa test, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

Kwanza, hili jambo ni la zamani kuliko nilivyodhani. Manowari za kwanza za kubebea ndege karibu zote zilikuwa meli za kazi nyingine. Waingereza walikuwa na Furious, meli iliyojengwa ibebe mizinga miwili ya inchi 18, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kabla haijakamilika mwaka 1917 wakaondoa ule wa mbele, wakaweka jukwaa la kurukia ndege. Kuruka kulikuwa rahisi. Kutua je? Tarehe 2 Agosti 1917 rubani Edwin Dunning alitua juu ya Furious ikiwa inatembea, mtu wa kwanza duniani kufanya hivyo, wenzake wakiidaka ndege kwa mikono kama watu wanaosukuma daladala. Siku 5 baadaye akajaribu tena, ndege ikapinduka baharini, akafa. Basi wakatoa na mzinga wa nyuma, wakaweka sitaha ya kutulia huko, lakini dohani na jengo la nahodha vikabaki katikati. Moshi na upepo uliovurugika ukawa unazitupa ndege huku na huku. Ilibidi meli ile ifumuliwe tena kuanzia 1921 hadi 1925 ndipo ikapata sitaha iliyonyooka. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi imeingia gereji.

Ukiona basi la abiria lililojengwa juu ya chesisi ya lori unaelewa haraka. Linatembea, tena linabeba watu, lakini kila kona linakukumbusha lilizaliwa kwa ajili ya mizigo.

Sasa tufike kwenye utamu wenyewe, mkataba wa Washington. Tarehe 6 Februari 1922 Marekani, Uingereza, Japani, Ufaransa na Italia zilitia saini kupunguza manowari. Vita Kuu ya kwanza imekwisha, pesa hakuna, na kila taifa lilikuwa na orodha ya manowari za mizinga za kutisha. Wakakubaliana kwamba nyingi ya zile zilizo njiani zivunjwe. Hebu fikiria uko jikoni, ugali umeshaanza kushika, mtu anakuambia mwaga sufuria.

Ila waliacha mlango wazi. Manowari ya kubebea ndege kwa kawaida isizidi tani 27,000, lakini kila taifa liliweza kuchukua mbili kati ya zile ambazo zingevunjwa na kuzigeuza, hadi tani 33,000 kila moja. Marekani ikachukua Lexington na Saratoga. Japani ikachagua Akagi na Amagi. Hizi zote zilikuwa zimekusudiwa ziwe za mizinga mikubwa lakini zenye mbio, na neno la kushika hapo ni mbio. Ndege za enzi hizo ziliruka kwa kuukabili upepo, na upepo usipokuwepo meli yenyewe inautengeneza kwa kukimbia. Lexington ilipokamilika mwaka 1927 ilikuwa inapita kilomita 60 kwa saa, mnyama wa urefu wa mita 270! Wafaransa waligeuza manowari ya mizinga iliyokuwa ya mwendo wa pole, wakaiita Béarn, ikabaki ya pole hivyohivyo, na kwenye vita ya pili kazi yake kubwa ikawa kusafirisha ndege kama lori la mizigo.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo maana nimeshindwa kujizuia. Mwishoni mwa 1929 mji wa Tacoma kule Marekani ulikumbwa na ukame, mabwawa yakakauka, umeme ukawa shida (wadau wa Bongo mnaokumbuka mgao wa 2006 mnajua ninachosema). Injini za Lexington zilikuwa zinazalisha umeme kwanza ndipo umeme uzungushe mapanga. Basi jeshi likaifunga meli gatini na kuuwashia mji taa, takriban mwezi mmoja, mpaka Januari 1930. Rumeti aliposikia hiyo ndiyo mara ya kwanza alinyamaza wiki hii.

Turudi. Japani haikumaliza vizuri na zile mbili zake. Tarehe 1 Septemba 1923 lilitokea tetemeko kubwa la Kanto, bodi la Amagi likiwa Yokosuka likaharibika kiasi cha kutotengenezeka. Wakachukua nyingine, Kaga, iliyokuwa ya deraya nzito na mwendo mdogo kuliko Akagi, ikaponea mlango huohuo wa kuvunjwa. Zote mbili mwanzoni walizijenga na sitaha tatu za ngazi, moja juu ya nyingine, wakaja kuzifumua tena miaka ya 1930 kuwa na moja ndefu. Yaani hata wataalamu walikuwa wanabahatisha. Tofauti yao na mimi ni kwamba walibahatisha wakati wa amani, meli ikikaa chelezoni miaka 3 hakuna anayekuja kuipiga.

Na matunda yake yalifika mpaka huku kwetu, hili sikulijua kabisa. Aprili 1942 Akagi iliingia Bahari ya Hindi ikiwa ndiyo meli ya kamanda Nagumo, pamoja na nyingine nne za kubebea ndege. Tarehe 5 wakapiga Colombo, tarehe 9 Trincomalee. Waingereza walipoteza meli kadhaa, mojawapo Hermes, ambayo nayo ilikuwa ya kubebea ndege lakini siku hiyo haikuwa na ndege hata moja. Kamanda wa Waingereza, Somerville, alikuwa na manowari nne za mizinga za kizee. Azipeleke wapi? Akazipeleka Kilindini, Mombasa. Kwa hiyo ukikaa pale kwenye kivuko cha Likoni ukila mihogo, jua kwamba mizinga ya inchi 15 iliwahi kujificha jirani na hapo, ikikimbia meli ambayo kama si kile kipengele cha 1922 ingekuwa chuma chakavu.

Miezi 2 baadaye mambo yakageuka. Midway, tarehe 4 na 5 Juni 1942, Japani ikapoteza Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Nne ndani ya siku 2. Na ndipo Japani ikafanya kile nilichofanya mimi juzi usiku.

Walikuwa na manowari mbili za mizinga, Ise na Hyuga. Kuzigeuza nzima kungechukua muda mrefu mno, basi wakageuza nusu. Wakang'oa mizinga minne ya nyuma kati ya 12, wakaweka banda na sitaha fupi kule tezini. Mpango ulikuwa kila meli ibebe ndege 22, zirushwe kwa mtambo. Sitaha ilikuwa fupi, ndege za magurudumu zikisharuka haziwezi kurudi kutua juu ya meli yake, zikatafute pengine. Zikakamilika 1943. Oktoba 1944 zilipokwenda kwenye vita kubwa ya Ufilipino hazikuwa na ndege hata moja, maana ndege na marubani walikuwa wameshakwisha kwingineko. Zikapigana na mizinga iliyobaki. Julai 1945 zikazamishwa kwenye maji mafupi ya Kure.

Halafu kuna Shinano, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Ilipangwa iwe ndugu wa tatu wa Yamato, manowari kubwa kuliko zote za mizinga. Baada ya Midway wakaamua iwe ya kubebea ndege, na ikaja kuwa kubwa kuliko zote za aina yake wakati huo. Ilikabidhiwa jeshi tarehe 19 Novemba 1944. Tarehe 28 jioni ikatoka Yokosuka kwenda Kure ikamaliziwe. Matundu ya kupitisha nyaya na mabomba mengine hayajazibwa, milango ya kuzuia maji haijakamilika yote, mabaharia wengi wageni na meli yao. Usiku huo nyambizi ya Marekani, Archerfish, ikaipiga topido nne. Nahodha Abe aliona meli ya ukubwa ule haiwezi kushindwa na topido nne, akaendelea kukimbia, na mbio zile zikawa zinasukuma maji ndani. Asubuhi ya tarehe 29, kabla ya saa 5, ikazama. Siku 10 tangu ikabidhiwe. Walikufa watu zaidi ya 1,400. Hebu tazama watu waliojaa Nkrumah Hall siku ya mhadhara mkubwa halafu ufikirie idadi hiyo. Kwenye mchezo wangu meli zilipozama ilitoka taarifa ndogo pembeni, nikaifunga kwa sababu ilikuwa inaziba ramani.

Hapo rumeti akadhani ameshinda na ubishi pia. "Si nilikuambia? Kugeuza ni uchizi." Hapana. Ngoja kwanza.

Wakati uleule Wamarekani nao walikuwa wanageuza. Rais Roosevelt aliwahi kufanya kazi wizara ya jeshi la majini, hivyo alikuwa anajua kuwasumbua wanamaji. Mwaka 1941 akapendekeza kruza zilizokuwa zinajengwa zigeuzwe, wakamwambia haifai. Baada ya Pearl Harbor ikafaa. Wakachukua bodi 9 za kruza nyepesi, zile zilizokuwa bado kwenye ujenzi, na zote 9 zikaingia kazini ndani ya mwaka mmoja wa 1943, ya kwanza ikiitwa Independence. Hazikuwa nzuri. Nyembamba, sitaha fupi, zinayumba, zinabeba ndege 30 hivi wakati zile kubwa zinabeba kama 90. Lakini zilikuwa na mbio za kufuatana na wenzake, na zilifika kwa wakati. Juni 1944 kwenye vita ya Bahari ya Ufilipino Marekani ilikuwa na manowari 15 za kubebea ndege, na 8 kati yake zilikuwa hizi za kruza.

Kwa hiyo kitendo ni kilekile, miaka ni ileile karibu. Kilichotofautiana ninavyoona mimi ni vitu viwili. Wamarekani waligeuza kitu ambacho bado hakijawa kitu, meli changa yenye mbio, huku kiwanda kikiendelea kutoa zile kubwa pembeni. Japani iligeuza kwa sababu imefiwa. Na cha pili ni marubani. Chuma unaweza kukikata na kukiunga upya, lakini rubani wa kutua usiku juu ya sitaha inayoyumba anachukua muda mrefu kufundishwa, na Shinano hata ingefika Kure salama sijui nani angeruka kutoka juu yake. Mimi juzi niligeuza meli 6 wala sikuangalia nina ndege ngapi. Nilikuja kuona baadaye... sina.

Kati ya zile nne zilizogeuzwa kwa mkataba wa 1922, Lexington ilizama Bahari ya Matumbawe Mei 1942, Akagi na Kaga nimeshasema. Iliyofika mwisho wa vita ni Saratoga peke yake. Julai 1946 Wamarekani wenyewe waliipeleka kisiwa cha Bikini, wakalipua bomu la atomiki chini ya maji jirani yake waone itakuwaje. Ikazama. Mpaka leo iko pale chini, wazamiaji wanakwenda kuiangalia.

Haya, rumeti kaingia na mihogo, anasema tuanze upya Januari 1936, safari hii mimi Marekani yeye Japani. Nimekubali kwa sharti moja, karanga kila mtu ale zake. Test ni Jumatatu.