Gia za Difu Hazitenganishwi

Ndugu mkulima, trekta lako linapovuta jembe, nguvu ya injini hufika nyuma ikageuzwa na gia mbili za difu, kubwa na ndogo, iende magurudumuni. Je, gia hizi zimetoka wapi?

Mwaka 1874 William Gleason wa Rochester, Marekani, aliunda mashine ya kuranda gia za namna hii zenye meno yaliyonyooka. Zilipiga kelele, maana jino lilimpokea mwenzake kwa ghafla. Mwaka 1913 kampuni yake ikatoa mashine ya meno yaliyopinda: kisu cha duara hukata pengo moja, gia ikageuzwa, likakatwa jingine. Kuna na njia ya mfululizo, ya Klingelnberg wa Ujerumani na Oerlikon wa Uswisi: kisu na gia huzunguka pamoja mpaka meno yote yaishe.

Kwa njia zote mbili, chuma kikichomwa ili kiwe kigumu hujikunja kidogo. Ndiyo maana nyingi husagishwa pamoja kiwandani, mbili mbili, kwa unga wa kusagia.

Basi, ndugu, moja ikivunjika, usikubali fundi abadilishe hiyo tu. Nunua jozi nzima. La sivyo, mpya itakula meno msimu haujaisha.