Watoto Walitangulia, Walezi Wakafuata

Januari 1908, wauza magazeti wa Uingereza walianza kuuza kijitabu cha peni nne kilichotoka kila baada ya wiki mbili. Mwandishi wake, Robert Baden-Powell, alikuwa jenerali aliyepata sifa kwa kuulinda mji wa Mafeking katika Vita vya Makaburu. Kijitabu chenyewe, Scouting for Boys, kilieleza namna ya kufuata nyayo, kuwasha moto, kufunga fundo na kumhudumia majeruhi. Agosti 1907 alikuwa amekwisha kuyajaribu mambo hayo kambini, katika kisiwa cha Brownsea, akiwa na wavulana wapatao 20. Nia yake ya awali ilikuwa kuvipa vyama vya vijana vilivyokuwapo, kama vile Boys' Brigade, shughuli mpya za kufanya.

Wavulana hawakuvingoja vyama. Walikinunua kijitabu kwa senti zao, wakajigawa katika vikundi vya sita au wanane, wakachagua kiongozi miongoni mwao, wakakata fimbo na kuelekea msituni. Ndipo wakaanza kutafuta mtu mzima wa kuwasimamia: mchungaji wa mtaa, mwalimu, karani, au kaka wa rafiki aliyewahi kuwa askari. Kufikia 1910 wavulana hao, walioitwa skauti, walikuwa wamezidi 100,000 nchini Uingereza. Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo kila klabu ya vijana hulijua: watoto wapo, shughuli ipo, lakini mlezi hayupo, na akipatikana, hajui aanzie wapi.

Baden-Powell alijua anamtaka mlezi wa namna gani. Hakutaka mwalimu wa kuwaketisha watoto kwenye madawati, wala ofisa wa kuwapigisha gwaride. Alitaka mtu wa kuwa kama kaka mkubwa: mwenye akili ya utu uzima, lakini ambaye bado anakumbuka raha ya kupanda mti. Tabu ni kwamba walimu na askari ndio waliokuwa wepesi kupatikana, na kila mmoja angekuja na mazoea ya kazi yake. Mihadhara na kambi chache za kuwafundisha walezi zilianza, lakini hazikutosha.

Kisha ikaja vita ya 1914. Walezi wengi walikwenda vitani, na wengi hawakurudi. Makundi yaliyonusurika yalishikiliwa na vijana wenyewe na, mahali pengi, na wanawake. Mmoja wao, Vera Barclay, alisaidia kuujenga mpango wa watoto wadogo ulioanzishwa mwaka 1916. Vita ilipokwisha, ilionekana wazi kwamba chama cha skauti hakiwezi kuendelea kutegemea bahati ya kupata mtu anayefaa. Ilibidi watu wanaofaa wafundishwe.

Msaada ulitoka kwa tajiri wa Kiskoti, William de Bois Maclaren. Yeye alitaka kuwanunulia wavulana maskini wa mashariki mwa London mahali pa kupigia kambi. Baden-Powell akaomba mahali hapohapo pawe pia chuo cha walezi. Likapatikana shamba la Gilwell Park, kando ya msitu wa Epping, kwa pauni 7,000. Nyumba ilikuwa imechakaa na bustani imegeuka pori. Wakati wa Pasaka ya 1919 skauti wa London walianza kwenda huko kufyeka na kukarabati.

Tarehe 8 Septemba 1919 wanaume 19 walifika Gilwell kwa kozi ya kwanza, chini ya mkuu wa kambi Francis Gidney. Waliamshwa kwa pembe la tandala, lilelile ambalo Baden-Powell alilipata Matabeleland mwaka 1896 na kulipuliza Brownsea. Jambo kubwa la kozi ile lilikuwa namna walivyoishi. Watu wazima waligawanywa katika vikundi kama wavulana, wakapika, wakalala kwenye mahema, wakapokezana uongozi. Mlezi aliyezoea kuamuru alijikuta akisubiri amri ya mwenzake aliyekuwa zamu. Aliyekuwa akilaumu wavulana kwa kuunguza chakula sasa aliunguza chake mwenyewe.

Waliohitimu walipewa shanga za mti kutoka kwenye mkufu ambao Baden-Powell alisema ni wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alioupata katika kampeni ya mwaka 1888. Mali ya mfalme aliyeshindwa na Waingereza ikawa alama ya mlezi aliyefuzu, na kozi ikaitwa Wood Badge. Baadaye ilikuwa na sehemu tatu: maswali ya nadharia yanayojibiwa kwa maandishi, kambi ya vitendo, na miezi ya kuliendesha kundi lake mwenyewe huku akiangaliwa. Mtindo huo ulienea duniani.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Skauti waliingia Kenya mwaka 1910, na Baden-Powell mwenyewe aliimalizia miaka yake Nyeri, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa amewahi kuwa katibu wake. Baden-Powell alifariki huko Januari 1941, na kaburi lake liko Nyeri hadi leo.

Hata hivyo, Gilwell ilifundisha mlezi afanye nini. Haikuchunguza vya kutosha mlezi ni nani. Dhana ilikuwa kwamba anayejitolea bila malipo lazima awe mwema. Dhana hiyo iliwagharimu watoto wengi.

Marekani, chama cha skauti kilikuwa kikitunza tangu miaka ya 1920 mafaili ya siri ya walezi waliotiliwa shaka. Mara nyingi mtu aliondolewa kimyakimya, polisi na wazazi wasiambiwe. Mwaka 2012 mahakama iliamuru zaidi ya 1,200 kati ya mafaili hayo yafunguliwe. Februari 2020 chama kikaomba kinga ya kufilisika, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kwamba walidhulumiwa kingono wakiwa watoto.

Uskoti, mlezi mmoja aliondolewa katika skauti mwaka 1974 kwa sababu ya mwenendo wake. Hakuna kilichomzuia kuanzisha klabu zake mwenyewe za wavulana, naye akaziendesha kwa miaka mingi. Machi 1996 aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alipendekeza uwepo mfumo wa kitaifa wa kuhakiki klabu za watoto na watu wanaoziongoza.

Taratibu zinazotumika sasa zilizaliwa na maumivu hayo. Anayetaka kujitolea hutoa wadhamini, rekodi zake za makosa hukaguliwa, huhojiwa, kisha hufundishwa. Hakai peke yake na mtoto faraghani. Walezi wa skauti wa Uingereza hubeba kadi ndogo ya njano yenye masharti hayo. Mwaka 2002 mkutano wa skauti duniani uliofanyika Thessaloniki ulivitaka vyama vyote kumlinda mtoto dhidi ya madhara.

Kwetu, klabu nyingi za vijana zimo shuleni, na mlezi huwa mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo juu ya vipindi vyake. Tunamshukuru kwa kujitolea, na anastahili shukrani. Lakini mzazi anayemruhusu mwanawe kwenda kambini ana haki ya kuuliza maswali matatu: nani amemdhamini mlezi huyu, amefundishwa wapi, na mtu mzima wa pili ni nani. Mlezi mwema hatachukia kuulizwa. Klabu isiyoweza kuyajibu isikabidhiwe mtoto.