Kilimo endelevu na hifadhi ya maji Sugoi

Sugoi ni kijiji cha wakulima kaskazini-magharibi mwa Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu, Kenya. Kwingine kinajulikana zaidi kama nyumbani kwa William Ruto, rais wa nchi tangu 2022. Kwa wenyeji ni eneo la mahindi na ng'ombe wa maziwa. Maji ya eneo hili huteremkia Mto Nzoia, unaoishia Ziwa Viktoria katika eneo la Budalang'i, ambako mafuriko yamezoeleka.

Asili ya mmomonyoko wa udongo hapa imo katika umbo la mashamba. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 walilima mashamba makubwa ya mahindi na ngano. Baada ya uhuru ardhi hiyo iligawanywa, kisha ikagawanywa tena kwa warithi. Ili kila mmoja apate njia juu na maji chini, mara nyingi kiwanja hukatwa kuwa ukanda mwembamba unaoshuka hadi kijitoni. Dereva wa trekta la kukodi hapendi kugeuka kila baada ya hatua chache, hivyo hulima kufuata mteremko, na mvua za kwanza hukuta mifereji tayari. Dawa yake, yaani kulima kwa kukingama na mteremko na kuotesha nyasi za nepia kwenye makinga maji, hufaa zaidi majirani wakikubaliana; kinga ya shamba moja haizuii maji ya shamba la pili.

Kilimo hifadhi, kisichopindua udongo, hutaka mabua yaachwe shambani yaufunike. Hapa ndipo ushauri wa wataalamu hukutana na ng'ombe. Mvua ni ya msimu mmoja mrefu, na wakati wa kiangazi mabua ndiyo malisho. Kumwambia mfugaji ayaache yaoze bila kumwonyesha lishe mbadala ni kupoteza muda. Nepia na desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, hupunguza mvutano huo, kwani hushika udongo na pia hulisha mifugo.

Kwenye kingo za mito na vinamasi mzozo ni wa mikaratusi. Mti huu hukua haraka na hufyonza maji mengi, lakini nguzo zake za umeme zina soko Eldoret. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito. Mianzi na miti ya kienyeji hufaa zaidi mahali hapo, ingawa hailipi haraka.

Mbolea nayo ina sehemu yake. Mbolea ya DAP ikitumiwa miaka mingi huongeza asidi, na katika udongo wa asidi fosforasi hunaswa, mmea usiipate. Chokaa ya kilimo hurekebisha hali hiyo, ila itiwe baada ya kupima udongo. Fosforasi iliyoshikamana na udongo husafiri nao mvua inapousomba, ikafika ziwani na kurutubisha gugumaji. Kwa hiyo kinga maji ya Sugoi ina faida hata kwa wavuvi wa mbali.

Kanuni za maji za Kenya hutenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kulingana na upana wake. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji, vinavyoshirikiana na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kusimamia vijito na kusuluhisha migogoro. Wanachama wake ni wakulima walewale ambao mashamba yao huishia mtoni.