Keria, ngao na matairi makubwa: Hivi ndivyo pikapu yako inavyokula wese

Bei kikomo za EWURA, zinazotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, huwa juu zaidi Geita na Kahama kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya gharama za usafirishaji. Kwa hiyo kila unachofunga kwenye pikapu unakilipia pampu.

Keria: Inakinzana na upepo. Kwa makadirio ya Marekani, boksi la mizigo juu ya paa hupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Kama huna mzigo, ishushe.

Ngao na winchi: Ni uzito. Kila kilo 45 za ziada hula takriban asilimia 1.

Matairi makubwa: Injini inatumia nguvu zaidi, halafu odometa inasoma kilomita pungufu, hivyo hesabu yako ya mafuta inakudanganya.

Upepo: Ukiupunguza kupita kwenye mchanga, jaza ukirudi lami.

Tairi la akiba na jeki usiguse. Ukikwama njia ya machimboni, hasara yake ni kubwa kuliko lita ulizookoa.