Kidakuzi

Kidakuzi (wingi vidakuzi, pia kuki) ni maandishi mafupi ambayo seva humpa mgeni wake, kivinjari au programu, ayarudishe katika kila ombi linalofuata. HTTP yenyewe haina kumbukumbu; bila kidakuzi nywila ingeweza kudaiwa upya kila ukurasa.

Historia

Kilibuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994. Kanuni ya RFC 6265 ya Aprili 2011 iliifuta RFC 2965 ya 2000, ambayo vivinjari vingi viliipuuza.

Utendaji

Seva hutuma mstari kama huu:

Set-Cookie: kikao=a81f; Path=/; Secure; HttpOnly

Mpokeaji hurudisha jina na thamani tu:

Cookie: kikao=a81f

Yaliyobaki ni maagizo. Secure hutaka HTTPS. HttpOnly huzuia JavaScript isikisome. Vidakuzi vingi hurudi katika mstari mmoja, vikitengwa kwa nukta mkato, ila kila kimoja huja na Set-Cookie yake. Programu inayoiunganisha mistari hiyo kwa mkato huvuruga Expires, tarehe ya kidakuzi kuisha, ambayo nayo ina mkato ndani: kosa sugu na la kuudhi. Ili kukifuta kidakuzi, seva hutuma jina lilelile, Domain na Path zilezile, na tarehe iliyokwisha kupita.

Kivinjari hufanya haya kimyakimya. Programu husubiri kuagizwa: curl hutaka -c ya kuhifadhi na -b ya kurudisha, maktaba ya requests ya Python ina Session. Asiyejua hushangaa nywila imekubaliwa, seva imejibu 302 (yaani, nenda ukurasa mwingine), kisha anarudishwa palepale pa kuingilia. Mara nyingi kidakuzi kilikuwa ndani ya jibu hilohilo la 302, programu ikalipita bila kukihifadhi.

Usalama

Mwenye kidakuzi cha kikao hahitaji nywila. Kwenye steshenari za mitaa kama Kiwalani, Dar es Salaam, ambako kompyuta moja huhudumia wateja wengi wanaojaza fomu za mikopo ya elimu ya juu ya HESLB au za ajira, mteja asiyetoka kwenye akaunti humwachia anayefuata ikiwa wazi. Kufunga ukurasa hakufuti kitu. Hatari hiyohiyo iko kwa programu inayotumia hifadhi moja ya vidakuzi kwa watumiaji wote: akaunti huchanganyika.

Sheria

Kidakuzi kinachomtambulisha mtu kinaweza kuguswa na sheria za taarifa binafsi. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.