Neno la leo: Mishe

Mishe imetokana na misheni. Wamoravian waliofungua Mbozi Mission walikuwa Wajerumani, na kwao pia neno hilo huandikwa Mission. Lakini ile "sh" ya misheni si ya Kijerumani. Ni ya Kiingereza, kilichoshika hatamu Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mjerumani alituachia neno shule.

Mjini neno likavua kanzu. Likazaa mishentauni, likakatwa mkia likawa mishe, kisha mishemishe. Tunduma, kijana anayebadilisha kwacha kwa shilingi hukwambia, "Niko kwenye mishe, kaka." Hatua chache mbele, Nakonde, upande wa Zambia, Kiingereza ni lugha rasmi; huku kwetu tumekikatakata tukakifanya chetu.

Mtaani sema mishe bila woga. Kwenye barua ya ofisi, andika shughuli.