Siwa ya Shaba: Madini Yaliyopewa Sauti

Somo letu la leo lahusu baragumu. Lakini kwanza tutazame moto, maana baragumu hilo lilizaliwa motoni.

Ninyi mkaao chini ya milima ya Upare mmesikia habari za Washana, wahunzi wa Ugweno. Waliokusanya mchanga mweusi, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakapata chuma. Chuma hicho kilinunuliwa hata Uchagani. Mtu awezaye kugeuza mchanga kuwa jembe huheshimiwa, tena huogopwa. Washana ndio waliotawala Ugweno, mpaka Wasuya wakawapindua. Kiti walinyang’anywa, nyundo walibaki nayo.

Waarabu wa zamani elimu ya kugeuza madini waliiita al-kimiya. Jabir ibn Hayyan, wa karne ya 8, ndiye atajwaye sana. Wengi walitaka kugeuza madini hafifu yawe dhahabu, wasiweze. Lakini angalia: shaba nyekundu ikichanganywa na zinki hupatikana shaba ya manjano, ing’aayo kama dhahabu. Si dhahabu, ila ni ngumu kuliko dhahabu, na kwa baragumu inafaa zaidi.

Kwa madini hayo mji wa Lamu ulipata siwa yake. Siwa ni baragumu kubwa lipulizwalo kwa tundu la ubavuni. Nayo ilisubiwa hivi: fundi alifanya umbo kwa nta, pamoja na nakshi zake, akalifunika kwa udongo. Udongo ulipochomwa, nta iliyeyuka ikatoka, ikaacha nafasi tupu. Humo akamimina shaba ya moto. Ilipopoa, akauvunja udongo. Basi kalibu ile haikutumika mara ya pili. Shaba ikikosa kujaa vizuri, kazi yote ya nta imepotea, na fundi aanze upya.

Siwa nyingine zilikuwa za pembe za ndovu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498, Wareno waliona mbili za namna hiyo, kila moja kimo cha mtu, zikilia pamoja na tarumbeta nyingi.

Siwa haikupulizwa ovyo. Ililia katika harusi, tohara na sherehe za watu wakubwa. Aliyenyimwa siwa aliaibishwa mbele ya mji mzima. Wazee wa Pate husimulia habari za Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kifalme. Alipotaka kumtahiri mwanawe aliomba siwa, na mfalme akamnyima. Je, alinyamaza? La! Alimwita fundi stadi, akamwagiza amfanyie siwa yake mwenyewe, ya pembe ya ndovu. Mwanawe akatahiriwa kwa sauti ya siwa, na mfalme akasikia.

Siwa ya pembe iliyotoka Pate ina urefu upitao mita 2, na wengi husema ndiyo hiyo ya Mwana Darini. Imewekwa katika Makumbusho ya Lamu, pamoja na ile ya shaba.

Sasa andikeni katika madaftari yenu maneno haya: mhunzi, mivukuto, nta, kalibu, siwa. Kisha jadilianeni: kwa nini mfalme aliogopa kumwazima mama mmoja baragumu?